Nani mjinga, pweza au sisi?

Najua nimepotea, msinilaumu. Wiki hii ilikuwa ya testi tatu na asaimenti mbili, na bumu ndiyo kama mnavyolijua, linaingia kwa mbwembwe na kuondoka bila kuaga. Leo nimepumua kidogo, nikasema ngoja niandike hili jambo ambalo limenikaa kooni tangu Jumanne.

Jumanne jioni, baada ya testi, tulitoka watu wanne tukaenda kijiwe cha pweza pale barabarani. Mnakijua. Meza, taa moja, sufuria la supu linalofuka moshi, vijiti, pilipili. Mshkaji wangu mmoja wa Iringa, ambaye bahari aliiona kwa mara ya kwanza alipokuja chuo, akaniuliza, "Hivi huyu mdudu mnamkamataje kwenu Mtwara?" Nikamweleza. Nikamwambia bibi yangu, ambaye sasa anaishi kwetu Mtawanya lakini alizaliwa Msimbati, alikuwa anakwenda mwambani siku za bamvua, maji yakipwa sana. Anatembea juu ya miamba na mti wake, akiona tundu anachokoa. Pweza akiguswa anaudaka ule mti kwa minyiri yake na kuung'ang'ania. Basi, unamvuta.

Jamaa akacheka mpaka supu ikampalia. "Kwa hiyo anajikamatisha mwenyewe? Huyu mnyama ni bwege kuliko kuku!"

Wote tukacheka, na mimi nikacheka. Halafu nikanyamaza, maana nilikumbuka kicheko kingine cha zamani ambacho mpaka leo najuta. Hicho nitakisimulia chini. Kwanza tuanze na historia, si ndiyo kozi iliyonileta hapa?

Mshkaji wangu wa Iringa hajui kwamba ana ukoo wa heshima sana katika hoja yake. Miaka zaidi ya 2,300 iliyopita, Mgiriki Aristotle aliandika kitabu kikubwa kuhusu wanyama, na humo akasema pweza ni mjinga. Sababu yake? Eti ukishusha mkono majini, pweza anaufuata. Yaani ndiyo ileile ya kijiweni! Wavuvi wa Ugiriki na bibi zetu wa Msimbati walikuwa wanatumia udhaifu uleule wa mnyama yuleyule.

Lakini Aristotle hakuwa mtu wa kusema neno moja na kwenda kulala. Palepale alipomwita pweza mjinga, aliandika pia kwamba ni mnyama mwenye utaratibu nyumbani kwake: anakusanya chakula chake tunduni, akishakula anatupa nje magamba na maganda. Hapo nilipiga paja niliposoma, kwa sababu hiyo ndiyo siri ya kwanza ambayo bibi alinifundisha nikiwa mdogo. "Usitafute pweza, mjukuu wangu. Tafuta takataka zake." Ukiona mbele ya tundu kuna maganda ya kaa na makombe yamelundikana, na vijiwe vimesogezwa mlangoni, ujue mwenyewe yumo. Pweza anafunga mlango kwa mawe, lakini taka zake zinamchongea.

Kwa hiyo tangu mwanzo kuna pweza wawili katika maandishi ya watu: mjinga na mjanja. Mjanja ana visa vingi. Mrumi Pliny, yule aliyefariki mwaka 79 mlima Vesuvius ulipolipuka, alisimulia habari ya pweza wa Carteia kule Hispania, aliyekuwa anatoka baharini usiku kwenda kuiba samaki wa chumvi kwenye matangi ya watu. Walipoweka uzio, akapanda mti akaingia kwa juu, mpaka mbwa wakamgundua. Pliny alitia chumvi nyingi, pweza wake ana uzito wa kutisha, na mimi nilisoma nikasema huu ni uongo wa vijiweni.

Basi bwana. Miaka ya 1870, kule Brighton, Uingereza, kwenye nyumba ya maonyesho ya samaki, wahudumu waliona samaki wa tangi moja wanapungua usiku hadi usiku. Wakafuatilia, kumbe ni pweza wa tangi la jirani! Usiku anatoka, anapanda, anaingia kwa wenzake, anakula, anarudi kwake. Asubuhi yuko kimya kama hakufanya kitu. Habari hiyo iliandikwa na Henry Lee katika kitabu chake cha mwaka 1875. Na mwaka 2016 kule Napier, New Zealand, pweza aitwaye Inky alitoka tangini usiku, akakatiza sakafu, akaingia kwenye bomba la maji ya kutoka, mita kama 50 hivi, akaishia baharini. Hakurudi mpaka leo. Kwa hiyo mzee Pliny tumsamehe kidogo.

(Yule Paul wa Ujerumani, aliyetabiri mechi 8 za Kombe la Dunia 2010 na zote 8 zikatoka vilevile, simhesabu hapa. Ile ilikuwa bahati pamoja na chakula kwenye masanduku mawili. Wenye mikeka ya kubeti msinisumbue.)

Sasa tuje nyumbani. Kuna methali yetu ya pwani ambayo wengi mmeisikia: umejigeuza pweza, unajipalia makaa. Watu wanaitumia kwa mtu anayejiletea balaa mwenyewe. Lakini je, umewahi kujiuliza ilitoka wapi? Ilitoka jikoni. Pweza akiwekwa kwenye moto, minyiri inajikunja na kuvuta makaa kuelekea mwilini mwake. Yaani keshauawa, lakini mikono bado inafanya kazi, na kazi yenyewe ni kujiunguza.

Mimi nilidhani methali ni maneno tu. Kumbe ni uchunguzi wa kisayansi uliofanywa na wapishi! Pweza ana seli za neva kama milioni 500 hivi, na karibu theluthi mbili ya hizo haziko kichwani, ziko kwenye minyiri. Kila mnyiri una namna yake ya kujiendesha. Mwaka 2001 wataalamu wa Israel na Italia, akiwemo Binyamin Hochner, walichapisha matokeo yao: waliukata mawasiliano mnyiri na ubongo, kisha wakaugusa, na bado ulijinyoosha kwa mpangilio uleule wa pweza mzima. Yaani ubongo unatoa amri ya jumla, lakini namna ya kuitekeleza mnyiri unaijua wenyewe.

Sasa rudini kwenye ule mti wa bibi. Kwa nini pweza anaudaka? Aristotle akasema ujinga, mshkaji akasema ubwege. Mimi nadhani, na hapa ni mawazo yangu tu, msiyapeleke kwenye lekcha, kwamba pweza anaishi kwa kugusa. Kitu kikiingia tunduni lazima minyiri iushike na kuupima: ni kaa? Ni jiwe? Ni mkunga amekuja kumla? Kwa mamilioni ya miaka tabia hiyo ilimlisha. Halafu akaja binadamu na mti. Huo si ujinga wa pweza, ni sisi tumegundua mlango ambao hana namna ya kuufunga.

Sasa kicheko changu.

Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa mzamiaji. Miwani ya kuzamia, mapezi, mkuki wa chuma, anashuka kwa pumzi yake mwenyewe. Nilikuwa kidato cha tatu, likizo, tumekaa barazani kwa bibi, akatuambia, "Pweza hawindi peke yake. Anatembea na samaki. Wakundaji wanatangulia, chewa anafuata nyuma. Ukiona chewa anamganda kitu chini, nenda taratibu, yupo pweza. Na akikasirika anawapiga ngumi."

Jamani nilicheka. Si kucheka kwa kawaida, nilicheka kwa dharau ya mtoto aliyepata A ya bayolojia. Nikamwambia mbele ya watu, "Mjomba, pweza hana mifupa, atapigaje ngumi? Hizo ni hadithi za wavuvi." Mjomba hakujibu. Akaendelea kunoa mkuki wake. Bibi aliniangalia tu, na mnajua bibi akikuangalia bila kusema.

Mjomba alifariki kabla sijaingia chuo. Alipata homa, siku chache tu, tukamzika.

Mwaka jana niko maktaba, natafuta kitu kingine kabisa, nikakutana na makala ya mwaka 2024. Eduardo Sampaio, Mreno, na wenzake walipiga mbizi katika Bahari ya Shamu, saa kama 120 majini, wakawarekodi pweza wakiwinda, mawindo 13 kwa ujumla. Wakaona pweza anawinda na kundi la samaki. Wakundaji ndio watafutaji, wanatangulia kuonyesha upande wa kwenda. Pweza ndiye anayeamua kundi liende au lisiende, na ndiye anayeingiza mikono kwenye mianya kuwatoa waliojificha. Na wapo chewa ambao hawatafuti kitu, wanasubiri vya bure, hao pweza anawapiga. NGUMI. Kundi lilelile lilikwishatoa habari ya ngumi hizo mwaka 2020.

Nilikaa pale kitini nikatazama ukuta.

Nikarudi nyuma zaidi. Kumbe tangu mwaka 1985 watafiti wa Bahari ya Shamu waliandika kwamba chewa wanafuatana na pweza na mikunga katika kuwinda. Mwaka 2013 wengine wakaonyesha kwamba chewa na jamaa zake husimama kichwa chini juu ya mwanya ambamo kitoweo kimejificha, wakimwita mwenzao aje akitoe, iwe mkunga au pweza. Samaki anaonyesha kwa kidole, na kidole hana!

Na si pweza wa mbali. Pweza huyo wa kwenye utafiti ni Octopus cyanea, aliyepewa jina hilo la kisayansi na Mwingereza John Edward Gray mwaka 1849. Ndiye yuleyule anayevuliwa kwa wingi katika mwambao wetu, kuanzia Kenya mpaka Mtwara, na kuteremka hadi Msumbiji na Madagaska. Ndiye yule wa mjomba. Ndiye yule wa kijiweni.

Mjomba hakuwa na kamera. Hakuwa na mtu wa kumwandikia. Alikuwa na mpwa mmoja tu aliyesoma, na mpwa mwenyewe akamcheka.

Jambo la mwisho ni la mama pweza, na hapa ndipo historia inapotugusa mifukoni. Jike akitaga, mayai ni laki kadhaa, anayatundika ndani ya tundu, anayalinda, anayapulizia maji safi, na anaacha kula. Aristotle aliliona hilo pia. Mayai yakianguliwa, mama anakufa. Mwaka 1977 Mmarekani Jerome Wodinsky alichapisha jaribio lake: aliwafanyia upasuaji majike waliokuwa wanalalia mayai, akaondoa tezi fulani karibu na macho. Wakayaacha mayai, wakaanza kula tena, wakaishi. Kwa hiyo kufa kwake si uchovu tu, mwili wake wenyewe una saa inayomwambia sasa basi. Na huko kilindini, pwani ya California, pweza mmoja wa aina nyingine alionekana amelalia mayai yaleyale miezi 53. Miaka minne na nusu jamani, na sisi tunalalamika semista ndefu.

Pweza wetu hana muda huo. Maisha yake yote ni kama mwaka mmoja na nusu hivi. Anakua kwa kasi ya ajabu, anazaa mara moja, anaondoka.

Zamani, kwa masimulizi ya bibi, pweza alikuwa kitoweo cha nyumbani na kazi ya wanawake zaidi. Waliokota kwa mguu, siku za bamvua tu, na wanaofika ni wale wa juu ya mwamba. Wale wa chini walibaki kuzaa. Bahari yenyewe ilikuwa na kalenda: bamvua nenda, maji mafu kaa nyumbani. Wa kuuza walianikwa au kubanikwa, na pesa hiyo ilinunua sare za shule za mama yangu na za mjomba, na baadaye madaftari yangu.

Miaka ya 1990 wakaja wanunuzi wa kampuni na barafu, pweza akaanza kusafiri kwenda Ulaya. Bei ikapanda. Wanaume wakaingia na miwani na mikuki, wakafika kule chini ambako mguu wa bibi haukufika, na wao hawangoji bamvua. Wakati huohuo kusini kulikuwa na janga la baruti, mwamba mzima unasambaratishwa kwa mlipuko mmoja. Wavuvi wa Kilwa, Lindi na Mtwara waliungana katikati ya miaka hiyo wakaunda Shirikisho kupigana na baruti, na mwaka 2000 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Mwaka 2002 Martin Guard na Profesa Yunus Mgaya wakachapisha utafiti wao juu ya uvuvi wa pweza Tanzania. Na sheria yetu ya uvuvi inasema pweza wa chini ya gramu 500 asivuliwe.

Gramu 500, wadau. Sasa kumbukeni vile vipande vyembamba vya Jumanne.

Wenzetu wa Andavadoaka, Madagaska, walijaribu kitu mwaka 2004. Walifunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi kadhaa, asiingie mtu, kisha wakafungua. Kwa sababu pweza anakua haraka, waliokuwa wadogo wakati wa kufunga walikutwa wakubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulichunguza mifungo 36 ya namna hiyo, ukakuta kwamba mwezi wa kwanza baada ya kufungua, mavuno yaliongezeka kwa zaidi ya asilimia 700. Mtindo huo ukafika kwetu pia, Kisiwa Panza kule Pemba, na Songosongo kule Kilwa. Si dawa ya kila kitu. Siku ya kufungua mwenye miwani anavuna zaidi ya mwenye mti, na wakati wa kufunga mama mwenye mti ndiye anayelala njaa kwanza, kwa sababu hana mashua ya kwenda kwingine. Hilo lazima lisemwe. Lakini angalau ni kurudisha ile kalenda ambayo bamvua ilikuwa inatupa bure.

Jumatano nilimpigia bibi. Shikamoo, marahaba, hujambo, umekula nini, ada umelipa. Halafu nikamsomea ile makala ya 2024, naitafsiri palepale kwenye simu. Wakundaji wanatangulia. Chewa anafuata. Ngumi.

Akakaa kimya, nikadhani salio limekata.

"Hao watu," akauliza, "wamekaa majini saa ngapi?"

"Mia na ishirini, bibi."

"Mjomba wako alikaa miaka ishirini." Akavuta pumzi. "Sawa. Nenda kasome."

Nikamuuliza jambo moja tena kabla sijakata. Zamani, ukichokoa ukamkuta jike na mayai yake, ulikuwa unafanyaje? Akasema, "Tulimchukua, mjukuu wangu. Yule ndiye rahisi, hakimbii. Tulisema ni mjinga."

Basi wadau, hiyo ndiyo iliyonikaa kooni. Mara mbili mnyama huyu ameitwa mjinga: kwa sababu anashika anachokigusa, na kwa sababu hakimbii mayai yake.

Nimeamua mambo mawili. La kwanza, likizo hii nikifika Mtwara nakaa na bibi na wazee wa Msimbati na daftari, naandika kila wanachojua, hata nikiona ni uongo. Hasa nikiona ni uongo. La pili, nitamwambia mshkaji wa Iringa kwamba ananidai supu moja, lakini safari hii tunamuuliza muuzaji kwanza: huyu alikuwa na kilo ngapi?

Nanyi mlio na bibi, babu au wajomba wanaojua kitu, wa baharini, wa porini au wa shambani, wapigieni leo. Msisubiri makala itoke. Testi ya mwisho ni Jumatatu, niombeeni.